Nimeitwa usaili wa urubani Kisongo, lakini swali la mwaka jana bado linanitesa

SWALI

Shikamoo Kapteni,

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Rau hapa Moshi. Safu yako naisoma kila inapotoka, na leo nimeona niandike mwenyewe maana nimefika mahali sina wa kumuuliza.

Nilisomea urubani Afrika Kusini. Baba aliuza gari la biashara na kipande cha shamba, wajomba wakachanga, nikarudi na leseni ya CPL, yaani ya urubani wa biashara, kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo, na saa 200 na kidogo za kuruka. Nikabadilisha leseni TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, nikafaulu mtihani wa sheria za anga, halafu nikaanza kungoja. Katika kungoja huko nimeajiriwa na kampuni ya utalii Arusha. Kazi yangu ni kupokea wageni, kuwapeleka uwanja wa ndege wa Kisongo na kuhakikisha wamepanda ndege zao za mbugani. Kila asubuhi naziona Caravan, zile ndege ndogo za injini moja, zikiondoka, mimi nabaki na karatasi ya majina.

Mwaka jana niliitwa usaili na kampuni moja, si ya huku kwetu. Karatasi ya maswali niliimudu. Kwenye mahojiano mmoja wa jopo akaniuliza hivi: unaruka na kapteni mwenye saa 9,000, mbele yenu wingu limekalia ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyara, yeye anataka kupenya chini yake, wewe utafanyaje? Nikajibu kwamba nitamheshimu, kwa kuwa ana uzoefu kuliko mimi. Wakatazamana, wakaandika. Mwingine akataka kujua naolewa lini. Nikabaki nacheka kwa aibu. Simu haikuja tena, na mpaka leo sijajua kipi kiliniangusha.

Sasa nimeitwa tena, na kampuni ya hapahapa Arusha inayorusha Caravan. Wanatafuta marubani wasaidizi. Usaili ni baada ya wiki tatu: karatasi ya maswali, mahojiano, na watakaobaki wataruka na kapteni wao kupimwa. Kapteni, nisome nini na niache nini? Lile swali la wingu lingejibiwaje, wakati nimelelewa kutombishia mkubwa? Nikiulizwa muda wote huu nilikuwa wapi, niseme nini? Rafiki niliyesoma naye ananishauri niongeze saa 40 kwenye daftari langu la saa za kuruka, anasema kila mtu hufanya hivyo. Mjomba naye anasema bila kumwona mtu wa ndani natwanga maji kwenye kinu, na anataka Baba atoe hela tena. Baba hasemi kitu, ila naona anavyonitazama.

Nisaidie.

Binti wa Rau, Moshi

JIBU

Marahaba binti yangu, na hongera kwa kuitwa.

Naanza na swali la wingu, kwa sababu ndilo lililobeba usaili wako. Hesabu na mifumo ya ndege utaisoma, na wiki tatu zinatosha kwa mtu aliyewahi kuisoma vizuri. Lakini nimekaa upande wa pili wa ile meza miaka mingi, na waombaji wengi wa kwetu niliowaona wakikosa nafasi hawakuangushwa na karatasi. Anaingia kijana mwenye alama nzuri na leseni safi, unamuuliza atafanya nini mkubwa wake akikosea, anainamisha kichwa na kusema atamheshimu. Jopo linaandika kitu kimoja tu: huyu atanyamaza.

Jibu lako silioni la kijinga. Ndivyo tulivyolelewa, iwe Rau, Monduli au Tanga, kwamba mkubwa habishiwi mbele za watu. Malezi hayo ni mazuri na usiyatupe. Ila fikiria kile kiti cha mkono wa kulia, anachokaa rubani msaidizi, kapteni akiwa kushoto. Caravan inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja. Kampuni ikiamua kukuweka pale na kukulipa mshahara, inakulipa uone kile ambacho wa kushoto hakukiona, na ukitamke mapema. Rubani msaidizi anayeona na kunyamaza ni uzito uliokaa kwenye kiti.

Wewe unayeshinda Kisongo bila shaka umesimuliwa kisa cha tarehe 18 Desemba 2013. Boeing 767 ya abiria iliyokuwa ikija KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, ilitua Kisongo. Njia ya kurukia ya KIA ina urefu wa mita 3,600 hivi. Ya Kisongo wakati ule ilikuwa mita 1,600 na ushee. Viwanja viko umbali wa kilomita 50 hivi, na njia zote mbili zimelala mashariki na magharibi, zikiwa na namba zilezile, 09 na 27. Ndege iliishia kwenye majani na, kwa rehema za Mungu, hakuna aliyeumia. Sikupi kisa hiki ili umlaumu mtu, maana macho ya binadamu yakishaamua kwamba kiwanja kile pale ndicho, yanatafuta ushahidi wa kukubali tu. Nakupa ujipime. Ungekuwa kiti cha kulia siku ile, ni nini kingekwambia kwamba kiwanja sicho? Mlima Meru uko karibu mno upande wa kaskazini-mashariki. Njia inaonekana fupi. Chombo cha kuonyesha umbali kinakataa kukubaliana na macho. Na ungetamka maneno gani hasa? Jopo la Arusha likikuuliza kisa hiki, usiwape historia. Wape hayo maneno.

Huko nje kisa kinachotajwa zaidi ni cha kisiwa cha Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977. Boeing 747 mbili ziligongana kwenye ukungu, watu 583 wakafa. Moja, ya shirika la KLM, ilipoanza kukimbia kwenye njia, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine, ya Pan Am, ilikuwa imeshatoka njiani. Kapteni, ambaye alikuwa mkufunzi mwandamizi wa shirika lake, akajibu kwamba imetoka, na mhandisi hakusisitiza. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, ndege ya abiria aina ya DC-8 iliishiwa mafuta karibu na Portland, Marekani, ikiwa inazunguka angani huku wafanyakazi wake wakihangaika na tatizo la magurudumu. Mafuta yalionekana yanapungua, yakasemwa kwa sauti ndogo, kapteni hakuyashika. Ajali za namna hiyo ndizo zilizoyafanya mashirika yaanze kufundisha marubani kusemezana na kusikilizana, somo ulilolisoma shuleni kwa jina la CRM. Ulilisoma ili ufaulu mtihani. Sasa lisome kwa ajili yako.

Basi jibu lenyewe. Unaanza na unachokiona, bila kumhukumu mtu: "Kapteni, wingu limegusa ukingo, upande wa pili sioni ardhi." Hapo umempa nafasi, na huenda ana sababu usiyoijua, pengine amesikia rubani mwingine redioni aliyepita sasa hivi. Asipojibu, au jibu lake lisipokuridhisha, unaleta njia mbadala: "Kapteni, napendekeza tugeuke tungoje upande huu, mafuta ya ziada tunayo." Akiendelea, sauti inabadilika na sentensi inakuwa fupi: "Kapteni, sikubaliani na kuendelea. Tugeuke sasa." Kushika usukani ni jambo la mwisho kabisa, pale hatari ipo usoni na mwenzako haitikii, na unalifanya kwa utaratibu ulioandikwa na kampuni, si kwa hasira. Mkishatua mnazungumza mkiwa wawili, kisha taarifa inaandikwa.

Ona kwamba neno Kapteni limo katika kila sentensi. Heshima yako yote imo mle. Wala usikimbilie ncha ya pili, ya kijana anayejibu haraka kwamba atamnyang'anya kapteni ndege. Huyo naye tunamkataa, kwa sababu ameruka ngazi zote za kusemezana, na kwa sababu mwenye amri ya ndege ni kapteni kisheria. Jopo linataka kusikia zile ngazi.

Sasa zoezi ambalo nakusihi ulifanye. Mwombe Baba akae kwenye kiti cha kushoto pale sebuleni. Mweleze yeye ndiye kapteni na kazi yake ni kukukatalia. Kisha zitamke zile sentensi kwa sauti, ukimtazama, mpaka sauti iache kutetemeka. Ukiweza kumwambia baba yako "sikubaliani, tugeuke sasa" na adabu yako ikabaki mahali pake, utaweza kumwambia kapteni yeyote wa Kisongo. Isitoshe, mzee aliyekaa kimya muda mrefu atapata namna ya kukusaidia. Mkimaliza kwa Kiswahili, rudia peke yako kwa Kiingereza, maana usaili utakuwa kwa Kiingereza, na ulimi usiozoea maneno hayo utayatafuta wakati mbaya. Cheti chako cha lugha, daraja la 4 au zaidi, kinaonyesha kwamba unaelewana na mwongoza ndege. Kusema "hapana" kwa adabu kwa lugha ya watu kunahitaji mazoezi yake.

Tuje kwenye kusoma. Kosa la wengi ni kufungua vitabu vyote vya leseni kuanzia ukurasa wa kwanza. Usifanye hivyo. Umeitwa na kampuni ya Caravan, Arusha, inayoruka mbugani. Soma ndege hiyo, kiwanja hicho, na anga hiyo.

Anza na hesabu moja watakayokuuliza kwa namna moja au nyingine. Uwanja wa Kisongo uko futi 4,550 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida, joto la hewa kwenye mwinuko huo lingekuwa kama nyuzi 6, kwani tunaanza na 15 pwani na kupunguza 2 kwa kila futi 1,000. Sasa chukua mchana wa Februari, kipimajoto kinasoma 28. Tofauti ni nyuzi 22. Zidisha kwa futi 120 kwa kila nyuzi, unapata futi 2,640. Jumlisha na 4,550, na ikiwa mgandamizo wa hewa ni wa kawaida, ndege inajiona iko kwenye futi 7,200 hivi, ingawa magurudumu yako chini pale Kisongo. Hewa imekuwa nyepesi: propela inashika kidogo, bawa linabeba kidogo, unahitaji njia ndefu zaidi na kupanda kunakuwa kwa taabu. Halafu mmejaza wageni na mizigo, na mnakokwenda ni Seronera, ambako ni juu zaidi ya Arusha na njia si ya lami. Ukiweza kuieleza hesabu hii kwa utulivu, ukamalizia kwa kusema kwamba ungeangalia jedwali la ndege kabla ya kukubali mzigo, watakuona tayari uko kazini.

Nyingine ni ya kushuka. Uko futi 11,500, unataka kufika 5,500 karibu na kiwanja. Uanze kushuka umbali gani? Vijana hujibu haraka: futi 6,000, maili tatu kwa kila futi 1,000, ni maili 18 za baharini. Hesabu ni sahihi. Lakini Caravan haina mfumo wa kuongeza mgandamizo wa hewa mahali wanapokaa abiria, na nyuma umebeba bibi wa miaka 70 na mtoto mwenye mafua. Masikio yao yanataka mshuko wa polepole, futi 500 kwa dakika, na hizo ni dakika 12. Kwa mwendo wa noti 150 juu ya ardhi, yaani maili 150 za baharini kwa saa, unakula maili 2 na nusu kila dakika, kwa hiyo uanze ukiwa maili 30, mradi milima iliyo njiani inaruhusu. Mwombaji anayetoa jibu la 18 kisha akaeleza kwa nini yeye angechagua 30 nilikuwa namkumbuka mpaka mwisho wa siku.

Injini ya Caravan, ile PT6A, ijue kiasi cha kuweza kuichora kwa kalamu. Ya Grand Caravan ya kawaida ina nguvu farasi 675. Hewa inaingilia upande wa nyuma wa injini, inasafiri kwenda mbele, na moshi unatokea mbele karibu na propela. Turbini inayozungusha propela haijaunganishwa kwa ekseli na ile inayozungusha kompresa, sehemu inayoshindilia hewa, ni hewa ya moto tu inayopita katikati yao. Ukielewa hilo, utaelewa pia kwa nini wakati wa kuwasha jicho halitoki kwenye kipimo cha joto, na kwa nini betri dhaifu inaweza kukuunguzia injini: kompresa haikupata kasi ya kutosha, hewa ni kidogo, mafuta yanawaka bila kupoozwa. Vikomo vyenyewe vya joto vitoe kwenye kitabu cha ndege, usivitoe kwenye simu.

Kuhusu hali ya hewa wewe una faida usiyoijua. Unaujua Juni na Julai wa Arusha, wingu linavyolala asubuhi mpaka saa nne. Unaijua masika. Umeona Meru ikiwa wazi alfajiri na kufunikwa kabla ya mchana. Zungumza hayo, ukiyaunganisha na taarifa za METAR (hali ya hewa ya sasa uwanjani) na TAF (utabiri wake) ambazo sasa uzisome kila asubuhi kabla ya kazi, za KIA na za Nairobi, uone utabiri ulisema nini na Kisongo ikafanya nini. Milima pia ijue kwa futi: Meru inakaribia 15,000, Kilimanjaro ni zaidi ya 19,300.

Na hapo ndipo ninapokujibu swali la muda wako. Unauliza useme ulikuwa wapi, kama kwamba ulikuwa umelala. Ulikuwa uwanjani. Wewe ndiye umeshika lile begi gumu la mgeni, limezidi kilo 15 ambazo kampuni nyingi za mbugani huruhusu, tena zinataka begi laini. Mgeni amekasirika, dereva wa utalii anakwambia "dada, pitisha tu," na rubani anangoja. Ulifanya nini? Naamini unacho kisa kama hicho, pengine vingi. Chagua kimoja cha kweli. Eleza hali ilivyokuwa, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulisema na kufanya nini hasa, na mwisho wake ukawaje. Dakika mbili zinatosha. Watakapokuuliza juu ya kutofautiana na mtu kazini, au kufanya kazi chini ya shinikizo, usiwape kisa cha shuleni. Wape begi hilo. Kuna waombaji waliorudi juzi na saa nyingi kukuzidi ambao hawajawahi kumwona mgeni akilia kwa sababu begi lake la kamera linabaki nyuma.

Ila kuna pengo ambalo kisa hakitaliziba: mikono. Usiende kwenye ruko la kupimwa mikono ikiwa imelala. Kabla ya usaili tafuta hata saa moja na mkufunzi, kwenye ndege ndogo yoyote, utue mara kadhaa. Kama fedha zipo za kitu kimoja tu, ziende huko. Na kabla ya hapo hakikisha cheti cha afya cha daraja la kwanza hakijaisha muda. Nimeona mtu akirudishwa getini kwa sababu hiyo, na inauma.

Daftari la saa. Binti yangu, hizo saa 40 usiziandike. Kwetu zinaitwa saa za kalamu na tunazijua. Tunafungua ukurasa wowote, tunaweka kidole, tunasema tusimulie safari hii. Ilikuwa ndege gani, upepo ulitoka wapi, mkufunzi alikukosoa nini? Mwenye saa za kweli hufurahi akikumbuka. Mwenye za kalamu hutazama dari. Na hata ukipita hapo, saa za kubuni ni kumdanganya TCAA, na leseni aliyokuuzia shamba baba yako inaweza kwenda kwa ukurasa mmoja. Rafiki yako anasema kila mtu hufanya. Mimi nakwambia si kila mtu, na wale wanaofanya wanajifunzia angani, wageni wakiwa nyuma, kile walichodai wanakijua. Saa zako zinatosha kwa kiti unachoombea. Leseni ya CPL yenyewe hutolewa kwa saa 200, au 150 kwa aliyepita mafunzo kamili ya chuo kilichoidhinishwa, na ndiyo maana kampuni kama hizi zinaita watu wa kiwango chako. Zijumlishe upya kila ukurasa kwa penseli, zile ulizoruka kama kapteni ukiwa mwanafunzi pembeni, ya usiku pembeni, ya vyombo pembeni, ili takwimu zilizo kwenye wasifu wako na zilizo kwenye daftari ziwe zilezile.

Mjomba wako mjibu kwa upole, lakini mjibu. Hela isitoke. Anayepokea fedha ili akuweke kiti cha rubani ama hana uwezo huo na atakula hela yenu bure, ama anao na amekwisha kuwauzia wengine wasiofaa, na utapangiwa kuruka nao. Ni rushwa, na TAKUKURU wapo kwa ajili hiyo. Kama mjomba anamjua mtu ndani, mwombe kitu halali: akukutanishe na rubani msaidizi yeyote anayefanya kazi pale, ukae naye nusu saa, umuulize siku yake inaanza saa ngapi, wanaruka njia zipi, mafunzo ya kampuni huchukua muda gani. Hata bila mjomba, marubani hao unakutana nao Kisongo kila siku. Wasalimie, waulize.

Swali la ndoa halikustahili kuulizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na hilo linaanzia kwenye kuajiri. Lakini najua kwamba siku ile hutakuwa mahakamani, utakuwa unatafuta kazi. Likirudi, usicheke na usikasirike. Sema: "Mipango yangu ya familia haitagusa ratiba yangu ya kuruka. Nipo tayari kwa zamu zenu, pamoja na kulala mbugani." Halafu nyamaza, umwachie yeye swali linalofuata. Kama jopo litaendelea kuchimba, jua kwamba na wewe unawasaili, na umeshapata jibu mojawapo kuhusu kampuni hiyo.

Ruko la kupimwa lenyewe halihitaji maneno mengi. Hakuna anayetegemea uirushe Caravan kama mtu wa miaka kumi. Wanakuangalia unavyopokea maelekezo: ukikosolewa mara ya kwanza, je, mara ya pili umebadilika? Kwa hiyo sema unachofanya kwa sauti. "Napungukiwa mwinuko, narekebisha." Rubani aliyekosea mwinuko kwa futi 100 akalisema na kulirekebisha tunamwamini kuliko aliyekaa ndani ya 50 kimya kimya. Na ukiona unakuja kutua vibaya, ongeza nguvu, upae tena. Usilazimishe kutua kwa sababu kapteni anakutazama. Mara nyingi hilo ndilo analotaka kuliona.

Kuhusu siku yenyewe: usitoke Moshi asubuhi hiyo. Barabara ya kupitia Boma Ng'ombe, Usa River na Tengeru unaijua, lori moja likikwama unafika Kisongo jasho linakutoka. Lala Arusha. Beba vyeti halisi na nakala, daftari la saa, leseni, cheti cha afya, pasipoti. Wakikupa mkataba wenye kifungo cha mafunzo, ule unaokutaka ukae nao miaka kadhaa au ulipe gharama, usisaini mezani. Omba usiku mmoja, usome na mtu anayejua sheria, uone deni linapungua vipi kadiri unavyokaa. Kampuni nzuri haikatai hilo.

Wakikukataa, andika siku hiyohiyo maswali yote unayoyakumbuka, na baada ya wiki waandikie kwa heshima kuomba wakueleze ulipopungua. Wengine hawatajibu, wanaojibu wanakupa kitu ambacho hakiuzwi popote. Nami nitumie maswali hayo, yaliyokushinda na yasiyokushinda, nitayajibu hapa kwa ajili yako na wenzako wanaongoja.